Mtukutu Si Mkatili: Kijana Mbaya wa Hadithi za Mapenzi Anapofika Busia

Kuna hadithi moja ya mapenzi ambayo vijana hawachoki kuisoma: msichana mtulivu, anayeongoza darasani, anampenda kijana ambaye walimu wameshamkatia tamaa. Kwenye Wattpad, mtandao wa kusomea na kuandikia hadithi, imejaa tele. Katika makundi ya WhatsApp ya wasomaji wa Kiswahili hutolewa kwa sehemu, na kila sehemu hukatwa penye utamu na kupachikwa "itaendelea". Zile zinazodai kutokea Uganda mara nyingi hulegea mapema, na kosa si la sarufi. Mwandishi amemchukua kijana wa filamu za Kimarekani, akambadilisha jina, akamnyang'anya pikipiki kubwa akampa bodaboda, akaona kazi imekwisha. Koti la ngozi akamwachia, kwenye joto la Busia, mji wa Uganda ulio mpakani na Kenya.

Ubaya wa kijana huyu haupimwi kwa koti wala kwa macho makali. Hupimwa kwa kosa lenyewe: ama amevunja kanuni, ama amemuumiza mtu. Aliyevunja kanuni anaweza kupendwa mpaka ukurasa wa mwisho na msomaji akafurahi. Aliyemuumiza mtu anadaiwa. Mapenzi yakitangulia kabla deni halijalipwa, hadithi haina utamu tena, hata ikijazwa barua na maua.

Kwa hiyo kabla ya sentensi ya kwanza, mwandishi achukue karatasi aandike makosa yote ya kijana wake, na mbele ya kila kosa ajibu: ni kanuni ya nani iliyovunjwa, nani alipoteza kitu, alipoteza kiasi gani. Wengi hawafanyi hivyo. Wanaandika tu kwamba "shule nzima ilimwogopa", halafu wanatumia sehemu kumi kutafuta sababu ya woga huo.

Uganda ina jambo jingine ambalo mwandishi wa Dar es Salaam au Mombasa hana haja ya kulifikiria. Kiswahili chenyewe kina sifa mbaya kwenye baadhi ya nyumba. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa watu wengi wa Kampala na Buganda kikabaki kunuka bunduki: lugha ya askari kwenye kizuizi, lugha ya jambazi agongaye mlango usiku. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari wa 2020 ulikiweka kuwa somo la lazima S.1 na S.2, yaani kidato cha kwanza na cha pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sifa ya zamani haikuondoka kwa maagizo hayo. Kijana anayezungumza Kiswahili mitaani Kampala, ndani ya hadithi, ameshahukumiwa nusu kabla hajatenda lolote. Mpeleke Busia, lugha ile ile ni ya sokoni, ya msikitini, ya kubembelezea mtoto. Mwandishi anayejua hili ana mgogoro wa bure mkononi: msichana aliyelelewa Kampala na kuletwa bweni Busia anamsikia kijana akizungumza na mpishi, na masikio yake yanamwambia "mhuni" wakati mpishi anamsikia mtoto mwenye adabu.

Tuwajenge hao wawili, tuone kazi inavyokwenda. Msichana tumwite Sanyu, miaka 16, S.3, anakaa bweni. Kijana tumwite Wafula, miaka 17, darasa moja naye, mwanafunzi wa kutwa. Shule ni ya mchanganyiko, bweni na kutwa kwa pamoja, na mpangilio huo ni zawadi kwa mwandishi kwa sababu una ukuta ambao wengine huuvuka kila siku na wengine hawauvuki mpaka likizo. Mtoto wa kutwa ndiye anayeingia na dunia mfukoni: chapati, betri, matokeo ya mpira, habari za mjini.

Hapo ndipo ukorofi wake unapotoka, na hauhitaji kisu wala genge. Wafula anaingiza chapati. Ananunua kwa shilingi 500 nje ya lango, anauza kwa 1,000 ndani, kwa watu waliochoka posho, yaani ugali, na maharage. Akibeba ishirini chini ya kaunta buku, lile daftari nene, kwenye mkoba, faida ni 10,000 kwa siku. Mtoe mlinzi wa lango 2,000 za kuangalia pembeni, zinabaki 8,000. Kwa wiki ya siku tano ni 40,000. Hesabu hii iwepo kwenye hadithi, maana msomaji kijana anaipenda hesabu ya biashara kuliko maelezo ya kifua kipana, na inampa Wafula akili bila mwandishi kulazimika kusema ana akili.

Kanuni aliyovunja ni ya shule. Aliyepoteza ni nani? Mpaka hapa hakuna, ukiacha duka la shule. Lakini tazama msichana tuliyemchagua: Sanyu amechaguliwa juzi kuwa prifekti wa bwalo. Chakula ndicho kazi yake. Kila chapati inayoingia ni sahani inayorudi jikoni haijaguswa, na ni yeye anayeitwa na mwalimu wa zamu kueleza. Wamekwisha kugombana kabla hawajajuana, na ugomvi umetoka kwenye kazi zao wenyewe. Hakuna haja ya kumwangushia vitabu mlangoni ili wakutane macho.

Sasa ongeza kosa la pili, na hili ndilo litakalobeba hadithi. Mtoto wa S.1 amekula kwa mkopo mara sita, anadaiwa 6,000, na ameanza kuuza sabuni zake ili alipe. Wafula hajampiga, hajamtisha, amemkumbusha tu kila asubuhi. Kwake ni biashara. Hapa mpaka umevukwa: kosa limehama kutoka kwenye kanuni kwenda kwa mtu, tena mdogo. Mwandishi mwoga ataliondoa kosa hili ili kijana wake abaki msafi. Asiliondoe. Msichana mwema anayempenda kijana asiye na doa lolote hana hadithi. Kinachotakiwa ni doa linaloweza kufutwa kwa kitendo, na 6,000 zinafutika.

Je, kwa nini Wafula anafanya hivi? Waandishi wengi hukimbilia uyatima, bibi mgonjwa na karo ya miaka mitatu, vyote kwa mpigo. Sababu moja inatosha, na iwe ya mahali. Mama yake anauza nguo za mitumba upande wa Sofia, mtaa unaogusana na Kenya. Wafula amekua akiona watu wakivusha mizigo kwa njia za panya, wanawake wenye watoto mgongoni na vijana wa baiskeli, na nyumbani kwao hiyo inaitwa kazi. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Februari 2018 hakikubadili jicho hilo. Ukuta wa shule, kwa Wafula, ni mpaka mwingine mdogo. Hana hasira na mtu. Ndiyo maana atashtuka kweli siku Sanyu atakapomwonyesha yule mtoto asiye na sabuni.

Yapo matendo ambayo waandishi huyaweka upande wa utukutu wakati ni ya upande mwingine kabisa. Kumshika msichana kiganja asiondoke. Kumpiga kijana aliyemsalimia. Kumwamuru asiongee na fulani. Kusoma barua yake mbele ya marafiki halafu kuomba radhi faraghani. Kumfuata mpaka mlango wa bweni baada ya kuambiwa arudi. Haya huandikwa kama dalili za mapenzi makali, na maoni ya wasomaji huyashangilia, lakini ukiyachunguza kwa jicho la fundi yana hasara moja inayofanana: yanamwondolea msichana uamuzi. Raha yote ya hadithi hii ni kumwona mtu mwangalifu akichagua, kwa hiari, kitu ambacho uangalifu wake unamkataza. Ukimshika mkono kwa nguvu, hakuchagua. Sura hiyo umeipoteza, na huwezi kuirudisha kwa wimbo wala kwa machozi.

Dau ni tatizo la aina yake. Marafiki wanaweka pesa kwamba kijana hawezi kumpata msichana mwema, anakubali, anapenda kweli, siri inafichuka. Imetumika mpaka imechakaa, lakini uchakavu si sababu kubwa. Katika dau aliyeumizwa ni msichana mwenyewe, kwa makusudi, tangu ukurasa wa kwanza, kwa hiyo kila tabasamu linalofuata ni uongo kwake na msomaji anajua. Njia pekee ya kuokoa utamu ni kijana akiri mwenyewe mapema, kabla hata hawajashikana mikono. Na akikiri mapema, fumbo ambalo dau liliwekwa kwa ajili yake limekufa. Gharama haina faida. Liache.

Kuhusu msichana, kosa la kawaida ni kumfanya mwema kwa kukosa mambo: hanywi, hatoki, hasemi, hacheki. Hata pazia lina tabia kuliko huyo. Sanyu awe mwema kwa sababu wema unamgharimu kitu anachokiweza kukihesabu. Mtihani wa UCE, ule wa kumaliza S.4, wa mtaala mpya, uliofanywa kwa mara ya kwanza 2024, haumhukumu mwanafunzi kwa karatasi ya mwisho peke yake: asilimia 20 hutoka kwenye tathmini za shuleni na 80 kwenye mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Mwanafunzi anayefukuzwa wiki mbili kwenda kumleta mzazi hakosi masomo tu, anakosa na kazi za tathmini zinazoangukia ndani ya wiki hizo. Kwa hiyo Sanyu akikutwa na Wafula nyuma ya jengo la maabara anaweza kupoteza beji ya uprifekti, alama ambazo hazirudishwi kirahisi, na uso mbele ya mama aliyekopa SACCO kulipa karo. Hayo matatu yawe mezani kufikia sehemu ya tatu.

Mtaala huo huo unampa mwandishi njia ya kuwakutanisha bila kubahatisha. Kazi za mradi hufanywa kwa vikundi, na vikundi hupangwa na mwalimu. Adhabu ya kubaki darasani baada ya masomo, ile wanayoitumia Wamarekani, haina mizizi hapa. Kwetu adhabu ni kufyeka nyasi, kuchota maji, au kwenda nyumbani. Kikundi cha mradi kina watu watano au sita, kina ratiba, kina sababu ya kukaa pamoja kila Jumatano saa kumi na nusu, na kina mashahidi. Waache wakutane hapo mara tatu bila kupendana. Mradi uwe kitu kinachoonekana, sabuni ya maji au makaa ya maganda, kinachoharibika mara ya kwanza, ili wapate la kubishania.

Na msichana afeli kitu. Sanyu amechagua Kiswahili kuendelea nacho S.3, na ngeli zinamtesa. Wafula, anayelala kwenye hesabu, husahihisha upatanisho wake bila kuinua kichwa. Mwalimu wa masomo ya ziada akiwa mkorofi na mwanafunzi akiwa prifekti, mizani inakaa vizuri. Lakini asije akageuka dawa yake. Akiacha kuuza kwa mkopo, aache kwa sababu amemwona yule mtoto, na aone kabla Sanyu hajamsamehe. Mpangilio huo wa matukio ukigeuzwa, ameacha ili apate msichana, na msomaji makini atauliza ataanza lini tena.

Sasa tuje kwenye saa na mahali, ambako hadithi nyingi za Uganda zinajiumbua. Hapa tuko karibu na ikweta. Jua la Busia huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, na giza huanguka upesi. Hakuna jioni ndefu za kiangazi za kutembea mkono kwa mkono. Mtoto wa kutwa anatakiwa kuwa nje ya lango ikifika saa kumi na mbili, mtoto wa bweni yuko foleni ya chakula, kisha prepu, kujisomea kwa usiku. Hivyo dirisha lao ni lile la michezo, tangu saa kumi na nusu, kiwanja kikiwa kimejaa watu. Hili si pungufu. Mapenzi yanayolazimika kufanyika mbele ya watu themanini wanaocheza mpira hujifunza kusema kwa vitu vidogo: nani alikaa benchi gani, nani alirudisha kalamu ikiwa imewekwa wino mpya, nani hakununua chapati siku ile.

Mvua nayo ina majira yake. Masika makubwa ni Machi hadi Mei, vuli Septemba hadi Novemba. Busu la mvuani katikati ya Julai litawafanya wakulima wacheke, ingawa ukanda wa ziwa hauachi kabisa kunyesha. Ukitaka mvua, panga hadithi yako muhula wa kwanza au wa tatu. Ukitaka vumbi, likizo ya Januari ipo.

Halafu nywele. Ile sura ya msichana kuvua miwani, kufungua nywele, na kijana kupigwa na butwaa, haiwezekani katika shule nyingi za Uganda kwa sababu wasichana hunyolewa karibu na kichwa. Hakuna cha kufungua. Lakini kuna kitu bora: vakesheni. Baada ya mtihani wa S.4 mwanafunzi hukaa nyumbani miezi kadhaa, nywele zinarudi, na msuko wa kwanza baada ya miaka minne ni tukio ambalo kila dada wa Uganda analikumbuka. Wafula amwone sokoni na mistari iliyosukwa juzi, bado inamvuta ngozi, asijue aseme nini. Itamtosha msomaji.

Koti la kijana kwenye mabega ya msichana nalo ligeuzwe. Sare ya bweni huandikwa jina, kwenye ukosi au kwenye pindo, na matroni huhesabu siku ya ukaguzi. Mvua inamkuta Wafula na vitabu vya kikundi, Sanyu anampa sweta yake avifunike. Anaondoka nayo. Sasa sweta yenye jina la prifekti iko Sofia, kwenye kamba ya nguo ya mama muuza mitumba, mwanamke ambaye kazi yake ni kuzigeuza nguo na kusoma lebo. Na ukaguzi ni Jumamosi. Sehemu nne zinaandikika kutokana na sweta hiyo moja, na hakuna mtu aliyefanya lolote la aibu.

Simu hakuna, kwa kuwa shule huzipiga marufuku. Zipo barua, na barua zina ufundi wake. Mwandishi asizijaze mashairi. Mwanafunzi anayejua kamati ya nidhamu ilivyo haandiki jina, haandiki tarehe, hatumii karatasi yenye pambo. Anachana katikati ya kaunta buku, ambako karatasi pacha nayo hulegea, na hapo ndipo hushikwa. Sanyu ana tabu zaidi, maana mwandiko wake uko ubaoni kila siku kwenye orodha ya chakula. Shule nzima inaujua. Basi asiandike. Aweke alama kwenye orodha yenyewe: nukta baada ya neno "maharage" siku ambayo atakuwepo kwenye mradi. Wafula ndiye pekee anayesoma orodha ile ingawa hali bwaloni.

Mguso. Sheria ya Uganda inaweka umri wa ridhaa kuwa miaka 18, na hawa wana 16 na 17. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2016 ulikuta msichana mmoja kati ya wanne wa miaka 15 hadi 19 ameshazaa au ni mjamzito. Shule zilifungwa, kabisa au kwa sehemu, tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, na madarasa mengi yaliyorudi yalikuwa na kiti kitupu ambacho wanafunzi walijua sababu yake. Msomaji wa kike anaifungua hadithi yako akiwa na habari hizo tayari kichwani. Ndiyo maana vidole viwili kugusana juu ya beseni la sabuni, kwenye sehemu ya kumi na moja, vinamtetemesha kuliko chochote ambacho mwandishi asiye na subira angekiandika kwenye sehemu ya pili. Hadithi tamu hukaa upande huu wa mlango. Busu moja karibu na mwisho linaruhusiwa, si lazima, na likiwepo msichana ndiye alianzishe, au aulizwe na ajibu kwa maneno.

Urefu unaofaa kusomwa kwenye simu ni sehemu 24, kila moja maneno 900 hadi 1,000. Chini ya hapo msomaji ananung'unika, juu ya hapo anaahirisha na hasomi tena. Muhula wa pili, unaoanza mwishoni mwa Mei na kukimbia mpaka Agosti, una wiki kama kumi na mbili. Sehemu mbili kwa wiki na kalenda ya kuitoa imejipanga yenyewe, na sikukuu ya Mashahidi wa Uganda ya tarehe 3 Juni ikiangukia mwanzoni kabisa. Kwa kutoa, WhatsApp na Telegram ndiko waliko. Facebook ilifungwa nchini Januari 2021 wakati wa uchaguzi, na waliobaki huko kwa miaka iliyofuata walipitia VPN, programu ya kukwepa kizuizi cha mtandao, jambo ambalo mwanafunzi mwenye bando la siku moja halifanyi kwa ajili ya hadithi.

Siku ya wazazi kutembelea wanafunzi iwekwe katikati, sehemu ya kumi na mbili hivi, na mwandishi asiikimbie. Mama anakuja na kuku, wali, soda na mkeka. Wanakaa chini ya mti. Watoto wa kutwa siku hiyo hawana mgeni, huzurura. Katika nyumba nyingi za Buganda na za mashariki msichana hupiga magoti akimwamkia mkubwa, na Wafula hajawahi kumwona prifekti akipiga magoti kwa mtu. Mama anamwona kijana amesimama mbali.

"Kijana, wewe mtoto wa nani?"

"Wa Mama Nekesa wa Sofia, mama."

"Yule wa mitumba?"

"Ndiyo, mama."

"Basi usisimame kama askari. Nawa, ule."

Mama amejua kila kitu kwa maswali mawili, hakusema neno, na amemlisha. Mwandishi akiongeza sentensi moja ya kueleza hisia za kijana atakuwa ameharibu. Angalia pia kwamba mama ametajwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Nekesa, dada yake Wafula. Ukimwita "Bibi fulani" kwa jina lake la ubatizo msomaji wa Busia atajua hujawahi kufika.

Majina ya Uganda yanasema mengi kuliko mwandishi anavyokusudia. Ukimwita kijana wako Kato, msomaji atauliza pacha wake yuko wapi, na lazima uwe na jibu. Sanyu atasomwa kuwa wa Buganda au Busoga, Wafula wa mashariki, na hapo kuna mtego: msichana mwema wa katikati ya nchi na mkorofi wa mpakani ni dharau ya zamani iliyovaa nguo za mapenzi. Dawa yake ni rahisi. Mwalimu bora wa hesabu naye awe wa mashariki, na mlinzi anayekula rushwa ya chapati awe wa kwingine. Jina likigawanywa kwa wema na wabaya, linaacha kuwa shtaka.

Kiswahili kinamtegea mwandishi wa mapenzi mtego mwingine, nao ni wa sarufi. Kiambishi ni kimoja kwa mwanamume na mwanamke. "Alimwambia hakumngoja kwa sababu alijua hangekuja": nani kamwambia nani, nani hakungoja? Kwenye hadithi ya vita mambo hujieleza. Kwenye hadithi ya watu wawili wanaotazamana ukurasa mzima, msomaji hupotea mstari wa tatu. Wanaoanza huparamia "yeye wa kike" na "yule mvulana" kila sentensi, na ukurasa unasomeka kama ripoti ya polisi. Njia iliyo safi ni kukaa ndani ya kichwa cha mmoja kwa sehemu nzima, nafsi ya kwanza, na mwingine awe wa kutazamwa tu. Sehemu za Sanyu ziwe nyingi, kumi na sita kwa nane ni uwiano mzuri. Wafula akipewa nusu, siri yake ya biashara inaisha mapema.

Mazungumzo yasisafishwe mno. Kijana wa Busia ana Sheng ya ng'ambo mdomoni, "niaje" na "poa", na akizungumza na mama yake anabadilika papo hapo. Sanyu akishtuka atasema "bannange" kabla Kiswahili hakijamfikia. Usiweke tafsiri pembeni. Msomaji wa Tabora ataelewa kwa sura ya mtu aliyesema, na "S.3" ataielewa kwa umri wao.

Kupatana kwao baada ya mtoto wa sabuni kuna hatua zake, na zikirukwa msomaji huhisi kudanganywa hata kama hawezi kusema kwa nini. Wafula aseme alichofanya bila kuweka "lakini". Arudishe: asimsamehe mtoto deni tu, anunue sabuni zilizouzwa. Aende mwenyewe kwa mwalimu wa nidhamu, akijua atafyeka uwanja wa nyuma wiki nzima. Kisha akae kimya. Sehemu mbili kamili asitume mtu, asitume chapati, asisimame njiani. Kimya hicho ndicho waandishi hawakivumilii, wakaleta ajali ya bodaboda ili msichana akimbie hospitali akilia. Ajali humlazimisha Sanyu kusamehe kwa huruma, na tulikuwa tunangoja asamehe kwa uamuzi.

Mwisho usivuke mbali. Hakuna ndoa, hakuna "miaka kumi baadaye" yenye gari jeupe na watoto pacha. Sehemu mbili za mwisho ziruke mpaka Desemba ya mwaka unaofuata, mitihani ya S.4 imekwisha na matokeo hayajatoka. Sanyu anatarajia S.5 shule ya mbali. Wafula amejaza fomu ya chuo cha ufundi, makanika, na hajui kama atapata. Wanakutana sokoni, ile ya nywele, wanazungumza dakika kumi, wanapeana namba ya simu ya mama kwa sababu ndiyo pekee iliyopo nyumbani. Wasomaji watadai msimu wa pili siku hiyo hiyo. Kama mwandishi anautaka, aache shilingi 1,500 za yule mtoto, ambaye sasa ni S.2 na ameanza kuuza mandazi bwenini, zikiwa bado kwenye daftari, na safari hii anayedai ni mtoto.